Nembo na Mzigo

Huko Umwe, katika nchi ya Rufiji, tulikaribishwa chai nyumbani kwa mama mmoja. Kikombe tulichowekewa kilikuwa cheusi kitupu, hakina ua wala neno. Alipomimina chai ya moto, weusi ule ukafifia polepole, na nembo ya kikosi cha askari ikajitokeza, ngao na mikuki miwili. "Zawadi ya mwanangu, Padre," akasema kwa furaha. Mwanawe ni askari, alikuwa amerudi kutoka Kongo katika kazi ya kulinda amani.

Jambo hilo si uchawi. Rangi ya nje imefungwa katika vidonge vidogo mno. Ikipata joto hupoteza weusi wake, na picha iliyochapwa chini yake huonekana. Chai ikipoa, weusi hurudi.

Je, yafaa alama ya vita kuwekwa mezani pa chai? Wako watakaosema hapana, upesi. Sisi hatusemi hivyo. Mama yule hakushangilia bunduki, alishangilia kurudi kwa mtoto. Usiku wa 7 Desemba 2017, kule Semuliki katika Kivu ya Kaskazini, askari wa Tanzania wasiopungua 14 waliuawa wakiwalinda watu wasio wa kabila lao wala wa taifa lao. Mzazi aitazamaye nembo na kumshukuru Mungu, nani atamlaumu?

Neno letu ni jingine. Nembo humheshimu mwenye kikosi, na vita haipigwi na wenye vikosi peke yao. Rufiji yenyewe ni shahidi. Manowari ya Wajerumani, Königsberg, baada ya kuizamisha Pegasus ya Waingereza kule Unguja tarehe 20 Septemba 1914, ilijificha katika mikoko ya delta hii mpaka ilipoangamizwa tarehe 11 Julai 1915. Majina ya meli hizo yanajulikana duniani kote. Mizinga yake ilitolewa majini ikavutwa nchi kavu kwa nguvu za watu. Majina ya waliovuta hatuyasikii. Waingereza nao waliandikisha wapagazi wapatao milioni moja katika vita ile, na waliokufa hawapungui 90,000, wengi wao kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Dar es Salaam ilipata sanamu yake mwaka 1927, na asimamaye juu yake ni askari mwenye bunduki. Mpagazi alibakiziwa jina la soko, Kariakoo, lililotokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wachukuzi. Na wangapi wanunuao vikombe huko leo wanalijua hilo?

Tena wale wapagazi wengi hawakwenda kwa hiari. Askari alipewa bunduki na mshahara, akaimbiwa; huyu alitwikwa mzigo njiani shambani. Tukisema twawaheshimu waliokufa vitani, kisha tukachagua wale wenye alama nzuri ya kuchapa, basi heshima yetu ni kwa alama.

Tulimwuliza yule mama kama katika ukoo wake yuko aliyechukuliwa zamani zile.

"Yuko," akajibu. "Ndugu yake babu yangu. Hakurudi."

Jina lake nani?

Akafikiri kitambo, akamwita dada yake mkubwa aliyekuwa uani. Naye hakulijua. Wakati huo chai yetu ilikuwa imepoa, na kikombe kimekuwa cheusi tena.