Ujira wa Dakika

Auzaye mtama hupima kwa pishi, na mnunuzi akijaza hata ukamwagika pembeni, auzaye husema, "Ngoja, kilichozidi nacho kina bei." Hakuna amwonaye kuwa mchoyo kwa neno hilo. Lakini auzaye saa zake akisema vivyo hivyo, huitwa mtu wa kudai visivyo na maana. Je, dakika chache za mtu wa ujira ni kitu, au si kitu?

Jambo hili lilifika mbele ya Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1946, na hukumu yake yafaa kufikiriwa hata na sisi tulio mbali na viwanda. Sheria ya nchi ile ya mwaka 1938 iliamuru kwamba alipwaye kwa saa akipita kiasi cha juma, ambacho tangu mwaka 1940 ni saa 40, saa ya ziada ilipwe ujira mmoja na nusu. Basi katika mji wa Mount Clemens, jimbo la Michigan, palikuwa na kiwanda cha vyombo vya udongo chenye watu yapata 1,200. Waligonga kadi zao katika saa, wakatembea mpaka mahali pao, wakavaa aproni, wakawasha taa na mitambo, wakanoa vyombo vyao. Lakini tajiri hakuhesabu kwa kadi. Alianza kuhesabu katika robo ya saa iliyofuata baada ya mtu kugonga, akakoma katika robo ya saa iliyotangulia kutoka kwake. Hivyo mtu aliyegonga saa 12.46 asubuhi, akatoka saa 6.14 mchana, akarudi saa 6.46, akaenda zake saa 10.14, aliandikiwa saa 8 kamili. Zilizoachwa ni dakika 56.

Sisemi kwamba zote zilikuwa za kazi. Watu mia mbili hawawezi kugonga kadi kwa mara moja, na aliyefika mapema labda alisimama akizungumza na mwenzake; mazungumzo si kazi. Majaji nao walikiri hayo, wakasema tena kwamba sekunde au dakika chache zisizo na uzito zaweza kuachwa. Lakini kutembea ndani ya kiwanda cha tajiri, kwa amri yake na kwa faida yake, walikuita kazi.

Neno lililo kubwa zaidi ni la ushahidi. Mahakama ya rufani ilikuwa imesema kwamba adaiye na athibitishe muda wake hasa. Maneno hayo yaonekana kuwa ya haki, maana hata barazani kwetu mwenye madai ndiye aletaye mashahidi. Lakini fikirini, wasomaji, ni nani aliyeshika daftari? Wazee wetu waliofanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika walipewa kipande cha siku 30, na siku isiyotiwa alama ilikuwa kama haikuwako, hata kama jasho lilimwagika. Mtu asiyejua kusoma angeshitaki kwa hati gani? Jaji Frank Murphy, aliyeiandika hukumu ile, alisema kwamba ikiwa tajiri hakuweka hesabu sawasawa, yatosha mfanyakazi aonyeshe kwa kiasi cha haki kwamba alifanya kazi isiyolipwa. Hapo ni juu ya tajiri kuleta hesabu ya kweli. Asipoileta, na alipe, ijapokuwa kiasi chenyewe ni cha kukadiria. Nami naona ni sawa kabisa. Aliyepewa kalamu akaacha kuandika hawezi kuufanya ukurasa mtupu kuwa shahidi wake.

Wengine watanitajia wale wa shamba la mizabibu walioajiriwa jioni wakalipwa sawa na wa asubuhi, waseme kwamba mwenye mali hutenda apendavyo. Naam, lakini bwana yule alizidisha. Hakumpunguzia hata mmoja dinari waliyopatana.

Hata hivyo wafanyakazi wa Mount Clemens hawakupata kitu. Kesi iliporudishwa, jaji wa kwanza aliona, Februari 1947, kwamba dakika zao ni kidogo mno, akaifuta. Mwezi Mei Bunge la Marekani, likiogopa madai ya mabilioni ya dola yaliyofuata hukumu ile, lilitunga sheria kwamba kutembea kwenda mahali pa kazi, na mambo yanayotangulia au kufuata kazi yenyewe, hayalazimu ujira, isipokuwa kwa mapatano au desturi. Kwa sheria hiyo, mwaka 2014, Mahakama Kuu iliamua kwa kauli moja juu ya watu wa maghala ya bidhaa za Amazon jimboni Nevada, walioajiriwa na kampuni nyingine. Walisema kwamba kila siku walingoja hata dakika 25 wapekuliwe, wasije wakaiba. Wakaambiwa hawana ujira kwa hizo.

Hukumu hii ni ngumu kwangu kuikubali. Mtu aliyewekwa mlangoni hakuwa huru kwenda nyumbani. Alizuiwa kwa ajili ya kulinda mali ya mwingine, na dakika 25 kwa siku 5 ni zaidi ya saa 2 kila juma.