Adabu za Mgeni Melini

Anayelipa fedha nyingi kwa safari ya meli huanza kujiona mwenye nyumba. Risiti ikishatoka, anaona meli ni yake, bahari ni yake, na kila mji atakaposhushwa umeandaliwa kwa ajili yake. Ndiyo maana nimewaona watu wenye mali wakishuka ngazi siku ya mwisho wamenuna, wakilalamikia supu, huku wengine waliodunduliza miaka na miaka kwa tiketi moja tu wakiaga kwa machozi. Tangu nistaafu na watoto wangu kujitegemea, akiba yangu nyingi naimalizia baharini, kwenye meli za kitalii za daraja la juu, na watu huniuliza mengi: chakula kikoje, chumba cha upande gani, nguo zipi za kubeba. Chakula ni kizuri karibu kote, na nguo zinafuliwa humo humo. Swali ninalongoja niulizwe ni mtu aishije akiwa ndani. Jibu langu ni lile nililolelewa nalo Tanga: ukiingia kwa watu wewe ni mgeni, hata kama umelilipia godoro unalolalia.

Kwanza chagua meli, maana hazifanani. Icon of the Seas, iliyoanza safari mwaka 2024, inaweza kubeba abiria zaidi ya 7,000, na wenye watoto wadogo watafurahi sana humo. Ninazozipenda mimi hubeba mia mbili, mia tatu, au mia sita hivi, na hesabu ya wafanyakazi hukaribia hesabu ya abiria. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, uliza abiria ni wangapi na wafanyakazi ni wangapi. Bei ya meli ndogo hushtua, lakini mara nyingi ndani yake mna vinywaji, bakshishi, na pengine hata matembezi ya bandarini. Kwenye meli kubwa ya bei nafuu hayo huongezwa kidogo kidogo, na siku ya mwisho unaletewa hesabu ya pili. Ukisafiri peke yako kama mimi, utadaiwa nyongeza ya kitanda kitupu, wakati mwingine sawa na nauli nzima ya mtu wa pili. Dawa yake ni kuvizia safari za meli zinazohama msimu, mwezi wa nne zikienda Ulaya na mwezi wa kumi au wa kumi na moja zikirudi Karibi. Bei hushuka, na siku za bahari tupu huwa nyingi.

Udogo wa meli una maana nyingine pia. Kule Antaktika, chama cha waendesha utalii wa eneo hilo, IAATO, kilichoundwa mwaka 1991, kina masharti kwamba meli yenye abiria zaidi ya 500 haimshushi mtu yeyote nchi kavu, na mahali pamoja wasiteremke zaidi ya watu 100 kwa wakati mmoja. Mtu akikuuzia safari ya huko kwenye meli ya abiria elfu mbili, jua kwamba utaitazama barafu kwa mbali.

Hata hivyo ipo meli moja kubwa ninayoipenda kwa moyo wote, Queen Mary 2, iliyoanza kazi mwaka 2004. Ukitoka nayo Southampton kwenda New York ni usiku saba bila bandari yoyote katikati, na kwa kuwa unaelekea magharibi, saa hurudishwa nyuma karibu kila usiku, siku zako nyingi zikawa na saa 25. Watu huogopa siku hizo, wanadhani watachoka na kukosa la kufanya. Mimi nawaambia ndizo siku za kukaa maktaba hadi kitabu kiishe, kulala mchana bila kujieleza kwa mtu, na kumaliza mazungumzo uliyoyaanza jana. Nani nyumbani ana muda wa kumaliza mazungumzo?

Sasa niseme la pasipoti, maana vitabu vingi vya safari hizi vimeandikwa kwa ajili ya Waingereza na Wamarekani. Sisi wenye pasipoti za Afrika Mashariki tunahitaji kuisoma ratiba ya meli kama anavyoisoma ofisa uhamiaji. Meli inayotoka Barcelona, ikapita Montenegro au Uturuki, kisha ikamalizia Italia, imekutoa katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zenye viza moja, na kukurudisha. Viza ya kuingia mara moja haitoshi. Omba ya kuingia mara nyingi, na maombi hupokelewa hadi miezi sita kabla ya safari, basi usingoje wiki za mwisho. Wapo mawakala wasiolijua hili kwa sababu wateja wao hawajawahi kuhitaji viza. Nimemwona mama wa Kiafrika akirudishwa gatini na masanduku yake yote, na fedha zake hazikurudi. Beba pia cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kata bima inayogharamia hata kutolewa melini kwa helikopta, na ufike mji wa kuondokea siku moja kabla. Ndege ikichelewa, meli haikungoji.

Ukishapanda, kitu cha kwanza ni mazoezi ya dharura, na hapo ndipo mgeni mwenye adabu anapojulikana. Meli ya kitalii Costa Concordia ilipogonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, usiku wa Januari 13, 2012, walikufa watu 32, na mamia ya abiria waliokuwa wamepanda jioni hiyo hiyo walikuwa hawajafanya mazoezi yoyote, kwa sababu kanuni za wakati huo ziliruhusu yafanyike ndani ya saa 24. Tangu 2015 lazima yafanyike kabla ya meli kuondoka au mara inapoondoka. Bado nawasikia watu wakinung'unika kwamba wanakatiziwa kinywaji. Mwenyeji anapokuonyesha mlango wa kutokea, msikilize.

Mengine ni mafupi. Nawa mikono kwa maji na sabuni kila unapokwenda kula, kwa sababu kirusi cha kuhara na kutapika kinachosumbua kwenye meli, norovirus, hakiuawi vizuri na ile dawa ya spiriti ya kupaka mkononi. Ukiwa mtu wa kigegezi, chukua chumba cha katikati ya meli, ghorofa ya chini, ambako myumbo ni mdogo kuliko kule omo au tezi. Tangawizi inasaidia, na kutazama upeo wa bahari kunasaidia zaidi.

Nataka nikae kwenye habari ya wafanyakazi. Asubuhi moja kwenye ghuba za Norway, nikiwa nimejifunika blanketi kwenye sitaha ya nyuma, nilisikia sauti begani, "Shikamoo mama." Alikuwa kijana mwenye sinia la chai, beji yake imeandikwa Kenya. Nikaitikia, "Marahaba mwanangu, wa wapi wewe?" Akasema Likoni. Alikuwa amelisoma jina langu kwenye orodha akangoja tukutane mahali pasipo na msimamizi, asije akaambiwa anamsumbua abiria. Nilichokiona kesho yake sijakisahau: aliniwekea kikombe kishikio kikielekea mkono wa kushoto. Bega langu la kulia lilikuwa linaniuma, na sikuwa nimemwambia. Alikuwa ameniona jana nikilisugua.

Yeye ndiye aliyenieleza maisha ya chini ya sitaha zetu. Wanalala wawili wawili kwenye vyumba visivyo na dirisha, pazia likitenga kitanda na kitanda. Mkataba wake ulikuwa wa miezi minane, bila Jumamosi wala Jumapili. Mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia wa mwaka 2006, ulioanza kutumika 2013, unasema baharia apumzike angalau saa 10 katika kila saa 24, na saa 77 katika siku saba. Wiki ina saa 168, toa mwenyewe uone zinazoweza kubaki za kazi. Kijana huyu alikuwa akimsomesha mdogo wake wa kike kwa saa hizo, na alilisema hilo kwa fahari.

Kenya iliuridhia mkataba huo mwaka 2014 na Tanzania mwaka 2019, na ndani yake mna kifungu ambacho kila mzazi wa pwani angekijua: baharia hatozwi ada ya kutafutiwa kazi. Anaweza kujilipia pasipoti, kitabu cha ubaharia na cheti cha daktari, lakini gharama ya viza ni ya mwenye meli. Nalisema hili kwa sababu nimezisikia familia zilizouza shamba kumlipa mtu aliyeahidi ajira ya meli. Anayedai malipo ili akupe kazi hiyo, mkimbie, na mtangaze ili wengine nao wamkimbie.

Kwa hiyo ukiwa melini, jifunze majina ya wanaokuhudumia siku ya kwanza, na uyatamke yanavyotamkwa kwao, yawe ya Ufilipino, Indonesia, India au Kwale. Toka chumbani saa ya usafi ili mtu amalize zamu yake mapema. Usiache taulo chini kwa kisingizio kwamba umelipa. Hata bakshishi ikiwa imo kwenye nauli, mwisho wa safari andaa bahasha na umkabidhi mkononi, ukimtazama usoni. Na ile karatasi ya maoni wengi wanaitupa, lakini wafanyakazi wengi wameniambia kwamba jina likitajwa kwa wema humo, wakubwa huliona, na linaweza kumsaidia mtu kupanda cheo. Ni dakika tano za kalamu. Mimi huiandika nikiwa na utulivu, mtu na sifa yake, na lile jambo alilolifanya.

Ugeni wa pili ni wa bandarini, nao ndio unaovurugika zaidi. Venice ilifika mahali pa kuchoka: tangu Agosti 1, 2021, meli za zaidi ya tani 25,000 haziruhusiwi kupita mbele ya uwanja wa Mtakatifu Marko na mfereji wa Giudecca. Dubrovnik nayo imejiwekea kikomo cha meli mbili kwa wakati mmoja. Miji hii haiwachukii wageni. Inamchoka mtu anayeshuka saa tatu, anazunguka ameshika chupa ya maji aliyopewa melini, ananunua sumaku ya kubandika kwenye jokofu, na saa saba anarudi kula chakula cha mchana melini kwa kuwa kimeshalipiwa. Nasema kwa msisitizo: kula mjini. Kaa kwenye mkahawa wa watu wa hapo, agiza wanachokula wao. Kodi mwongoza wageni wa mji huo, lakini uangalie saa, maana meli huyangoja matembezi iliyoyaandaa yenyewe tu. Aliyetoka kivyake awe amerudi gatini saa nzima kabla.

Pwani yetu inalijua pia pengo la wageni. Novemba 2005, Seabourn Spirit, meli ndogo ya kifahari iliyokuwa ikielekea Mombasa, ilishambuliwa na maharamia karibu na Somalia, ikageuza na kukimbilia Ushelisheli. Katika miaka ya hofu iliyofuata meli za namna hiyo ziliadimika kwetu, na wenye teksi, waongoza wageni na wauza vinyago walikaa wakitazama bahari tupu. Sasa zimerudi, hasa miezi ya kaskazi, na mimi mwenyewe nimeingia Unguja kama abiria, nikiiona Forodhani kwa upande ambao walikuwa wakiuona manahodha tu.

Ilikuwa Ramadhani. Abiria wenzangu wawili, mume na mke, walipita vichochoro vya Mji Mkongwe adhuhuri, mabega na mapaja wazi, wakinywa bia ya kopo. Watu wa barazani waliinamisha nyuso. Jioni nikawafuata mezani, nikaketi nao, nikawaeleza. Mke aliweka uma chini, akauliza kwa nini hakuna aliyewaambia. Alikuwa na haki ya kuuliza. Karatasi tulizogawiwa usiku uliotangulia zilikuwa na bei ya matembezi ya mashamba ya viungo, na hazikuwa na neno hata moja juu ya mwezi mtukufu.

Nikaenda kumwona mkuu wa shughuli za abiria, naye akanipa nusu saa ukumbini kabla hatujafika Mombasa. Ukumbi ulijaa. Waliuliza wavae nini, kama inafaa kumpiga picha mama anayekaanga mihogo, mzee anaamkiwaje, na nauli ya tuktuk hadi Fort Jesus ni shilingi ngapi. Watu wanataka kuwa wageni wema, wanakosa tu wa kuwaongoza. Basi nawaomba wenye mamlaka ya utalii na bandari, Malindi ya Unguja na Kilindini ya Mombasa, wazungumze na kampuni za meli ili mwenyeji mmoja wa mji, mwenye lugha na heshima zake, apandie bandari ya kabla ya yetu, aseme nao usiku mmoja kabla ya kufika. Alipwe vizuri kwa kazi hiyo. Na pamoja na habari za nguo na salamu, awape orodha ya mahoteli ya wenyeji ya kula pilau na samaki wa kupaka, pamoja na bei zake, au kama ni Ramadhani, awaambie wangoje magharibi wafuturu na wenye mji.