Kagua Nyumba Yako Kabla Hujamwita Dalali

Mwanangu, ukishaamua kuuza nyumba, mtu wa kwanza kumwita asiwe dalali. Mwite fundi. Dalali akilitoa neno leo jioni, kesho asubuhi wateja wako mlangoni, na kila anayeingia anaingia na macho ya kutafuta ubovu. Kama wewe hujaijua nyumba yako, mgeni ndiye atakayekueleza ilivyo, na atakueleza kwa namna ya kujipunguzia malipo.

Nimesimamia ujenzi hapa Tanga tangu enzi za ving'ora vya viwandani, na nimeitwa mara nyingi kuangalia nyumba zinazouzwa. Karibu kila mara aliyeniita ni mnunuzi. Mwenye nyumba husimama pembeni, mikono nyuma, anasikia habari za nyumba yake kwa mara ya kwanza pamoja na mtu asiyemjua. Inaniuma kumwona mtu mzima katika hali hiyo, wakati angeweza kuyajua yote miezi miwili kabla.

Kuna ndugu waliokuwa wakiuza nyumba ya urithi kule Makorora. Walipaka rangi mpya nyumba nzima, ndani na nje, ikapendeza kweli. Mnunuzi akaja na fundi wake. Fundi yule hakusema kitu. Aliweka kiganja ukutani chini ya dirisha la chumba cha nyuma, akakiacha hapo kwa muda, kisha akatoa ufunguo mfukoni akakwaruza. Rangi ikabanduka kipande kizima. Nyuma yake plasta ilikuwa imelowa, imeota unga mweupe wa chumvi. Chanzo kilikuwa bomba la bafuni lililokuwa likivuja ndani ya ukuta, kazi ya fundi bomba ya siku moja. Lakini mnunuzi hakuuliza habari za bomba. Aliuliza kama hati ni ya kweli, mbona wana haraka ya kuuza, na kama jirani wa nyuma hana kesi nao. Akaondoka na hakurudi. Nyumba ilikuja kuuzwa baadaye sana, na kilichopungua kwenye bei kingetengeneza mabomba ya mtaa mzima.

Hapo ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri. Kasoro unayoitaja wewe ina kipimo: bati kumi, mfuko wa saruji, ufundi wa siku mbili, mnakaa mnapatana bei. Kasoro anayoivumbua mnunuzi nyuma ya rangi mpya haina kipimo, kwa sababu hajui ni ngapi nyingine zimefunikwa. Ataipa hofu yake bei, na hofu ya mtu anayetoa akiba ya maisha yake ni kubwa. Baada ya jengo la ghorofa kuporomoka Kariakoo mwezi Novemba 2024, simlaumu mtu yeyote anayekuja kununua akiwa ameongozana na mhandisi.

Wala jambo hili si geni kwetu watu wa pwani. Tuliosoma chuoni tulifundishwa kisa cha Mtume alipopita sokoni, akaingiza mkono katika lundo la nafaka, akakuta chini kumelowa, akamkemea mwenye mali kwa kuficha kile ambacho watu walistahili kukiona. Na katika fiqhi mnunuzi ana khiyari ya aibu: akigundua kasoro iliyokuwepo kabla ya mauzo naye hakuambiwa, ana haki ya kuirudisha mali. Huko Marekani nako majimbo mengi humtaka muuzaji aandike kasoro anazozijua, na kwa nyumba iliyojengwa kabla ya 1978 sheria inamtaka amwambie mnunuzi kama anajua kuna rangi yenye madini ya risasi. Kwetu desturi ya muuzaji kukagua kwanza haijazoeleka. Ianzeni ninyi.

Kagua wakati wa mvua au mara tu baada yake. Masika na vuli ndiyo misimu inayosema kweli. Nyumba iliyokaguliwa kiangazi imekaguliwa nusu. Anza juu. Panda darini mchana, na ukishafika zima tochi kwanza. Penye tundu kwenye bati utaona nuru ikichungulia kama nyota. Kisha washa tochi uangalie mzunguko wa kila msumari, maana huku pwani upepo wa chumvi huanza kula bati pale lilipotobolewa. Pale paa mbili zinapokutana, safisha majani na utazame vizuri, kwa kuwa uvujaji mwingi huanzia hapo. Chukua bisibisi uchome mbao za kenchi, hasa zinapokaa juu ya ukuta. Mbao nzima inakataa. Iliyoliwa na mchwa inapokea bisibisi bila sauti. Ukiona vijia vyembamba vya udongo vinapanda ukutani kutoka kwenye msingi, hao ni mchwa, hata kama mbao bado zinaonekana nzuri kwa macho. Ukikuta paa la zamani la asbesto, usimruhusu mtu alikate wala kulitoboa, kwani vumbi lake huharibu mapafu na huleta saratani. Liandike lilivyo, mnunuzi alijue.

Ukishuka, tazama kuta. Nyufa ndizo zinazotisha watu, na nyingi hazistahili hofu hiyo. Vile vijistari vyembamba vilivyosambaa juu ya plasta vimetokana na plasta kukauka haraka, havina neno. Ufa wa kuogopa ni ule unaoshuka kwa ngazi ukifuata viungo vya tofali, mara nyingi kutoka kwenye kona ya dirisha, hasa ukiwa mpana upande mmoja kuliko mwingine. Huo unakwambia kwamba msingi umetitia upande mmoja. Mwingine ni ule unaofuata nondo kwenye nguzo au lenta ukiwa na doa la kutu: chuma kinaliwa ndani, kutu inavimba na kulisukuma zege. Nyumba zilizojengwa kwa mchanga wa baharini usiooshwa huugua ugonjwa huu mapema.

Huhitaji kubahatisha kama ufa unaendelea. Paka bonge dogo la plasta ya jasi kukatiza ufa, andika tarehe kwa penseli pembeni, uache. Likikatika katikati, ukuta bado unatembea, na hapo mwite mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Likibaki zima msimu wote wa mvua, una ushahidi mkononi wa kumwonyesha mnunuzi, na ni ushahidi wenye nguvu kuliko viapo.

Kwa nyumba za kale za mawe ya matumbawe na chokaa, kama zile za Pangani na Mji Mkongwe wa Zanzibar, nina ombi moja: msizipige plasta ya saruji ili zionekane mpya. Ukuta wa chokaa hupumua. Saruji huufungia maji ndani, na boriti za mikoko zilizodumu vizazi huanza kuoza vichwani, pale zinapoingia ukutani.

Maji hupimwa kwa mita. Funga koki zote, hakikisha tangi limejaa na boya limefunga, soma mita, subiri, soma tena. Ikiwa imesogea wakati hakuna anayetumia maji, bomba linavuja mahali. Fungua chemba za maji taka, mwaga ndoo chooni, uone maji yanavyopita. Kama unaliita gari la kunyonya kila baada ya miezi michache, shimo la kunyonya limeziba, na mnunuzi atalijua hilo kabla ya Ramadhani ya kwanza. Kwenye umeme usijitie ufundi. Mwite fundi mwenye leseni ya EWURA afungue meinswichi, maana nimekuta nyumba ambazo fyuzi ilikatika mwenye nyumba akafunga kipande cha waya mahali pake, na familia ikalala humo miaka.

Msichanganye ukaguzi na uthamini. Mthamini aliyesajiliwa anakadiria thamani ya mali sokoni, na benki ikihusika utamhitaji. Hatarajiwi kupanda darini na bisibisi.

Ukishapata orodha, usikimbilie kutengeneza kila kitu. Tengeneza kinachovuja, kinachoweza kuua mtu, na kinachoendelea kuharibu kingine: paa, umeme, mchwa, bomba. Jiko la kizamani na vigae vilivyofifia viache. Mnunuzi atavibomoa kwa ladha yake. Kama huna fedha za kutengeneza, pata makadirio ya fundi kwa maandishi, uyaweke pamoja na bei unayotaka. Rangi iwe ya mwisho, baada ya ukuta kukauka kabisa. Kupaka rangi juu ya ukuta mbichi ili uuze ni udanganyifu, hata kama mtaa mzima unafanya hivyo. Na risiti za bati, saruji na mafundi zitunze, kwa sababu kodi inayotozwa kwenye faida ya mauzo huhesabu pia gharama za kununua na kuboresha nyumba. Usipokuwa na karatasi, gharama hizo hutaweza kuzithibitisha.

Nyumba ina mwili na ina karatasi, na karatasi nazo zina nyufa zake. Tafuta bikoni zote za kiwanja kabla mnunuzi hajaziulizia. Ukuta uliovuka mpaka kwa hatua moja umewahi kuzuia mauzo ya nyumba nzima. Soma hati yako imetolewa kwa miaka mingapi. Hati ya miaka 33 iliyoanza 1990 ilikwisha 2023, na wenye hati za namna hiyo wapo ambao hawajui. Kodi ya jengo tangu 2021 inalipwa kupitia LUKU. Hakikisha mita haina deni. Nyumba ya marehemu huuzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, wala si na kaka mkubwa kwa ukubwa wake. Na Sheria ya Ndoa ya 1971 haimruhusu mume wala mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Yale maneno NYUMBA HII HAIUZWI mnayoyaona kwenye kuta za miji yetu hayakupakwa kwa mapambo. Nyuma yake kuna ndugu aliyetaka kuuza kimyakimya, au tapeli aliyepokea malipo ya nyumba isiyo yake.

Mtaniambia kwamba mkisema kila kitu mtawakimbiza wateja. Wapo watakaokimbia, ndiyo, na hao walikuwa wa kuwapotezea muda. Anayebaki baada ya kusoma ripoti ni mtu aliyekusudia, na bei mtakayokubaliana haitarudi kujadiliwa siku ya kutia sahihi. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na kwa wauzaji kifo hicho huja ofisini kwa wakili, fedha zikiwa karibu kuhesabiwa.

Kwa hiyo fundi akimaliza, mwambie aandike. Ripoti fupi ya Kiswahili, yenye tarehe, picha za kila kasoro, kilichotengenezwa na ambacho hakijatengenezwa. Mpe mnunuzi aisome kabla hajataja bei. Mkikubaliana, ambatisheni nakala kwenye mkataba wa mauziano, mtie sahihi nyote wawili kila ukurasa, na nakala moja ibaki kwako. Kesho akidai kwamba hukumwambia kuhusu lile paa, sahihi yake itakuwa chini ya picha ya paa hilo.