Mzigo Ushushwe Lini?

Masomo: Hesabu 8:23–26, 2 Samweli 21:15–17

Walawi wa ukoo wa Kohathi hawakupewa magari. Wana wa Gershoni walipewa mawili, wana wa Merari manne, pamoja na ng'ombe wa kuyakokota. Wakohathi walipaswa kuvichukua vyombo vitakatifu mabegani. Kwa hiyo tunaposoma kwamba Mlawi akifikisha miaka 50 aache kazi, tusidhani ni habari za makarani. Hawa walikuwa watu wa kubeba. Aliyeyaumba mabega aliweka umri wa kuyapumzisha, wala hakuuliza kwanza kama mwenye mabega bado anajisikia imara.

Nimeirudia amri hiyo kwa sababu vijana wetu wanaoshinda jimu waliniuliza: hao wababe wa dunia wanaowatazama kwenye simu, wanapaswa kuacha lini?

Naim Süleymanoğlu alikuwa mfupi, sentimita 147 hivi, Mturuki mzaliwa wa Bulgaria. Kwenye Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, akiiwakilisha Uturuki katika uzani wa kilo 60, aliinua kilo 190 juu ya kichwa chake. Mwaka uliofuata akastaafu, kijana wa miaka 22. Akarudi, akatwaa dhahabu Barcelona mwaka 1992 na nyingine Atlanta mwaka 1996, akaacha tena. Angeweza kubaki hapo. Mwaka 2000 akaenda Sydney akiwa na miaka 33, akaomba kilo 145 katika mtindo wa kunyakua chuma kwa mkupuo mmoja, akashindwa mara zote tatu. Safari yake ikaishia hapo, bila hata namba ya kuandikwa. Alifariki Novemba 2017 kwa maradhi ya ini, akiwa na miaka 50.

Simhukumu. Mtu ambaye taifa zima lilisimama kumshangilia kabla ndevu hazijamkomaa, utamwambia akae sebuleni atazame wenzake?

Ronnie Coleman wa Marekani, aliyewahi kuwa polisi huko Arlington, Texas, alilishika taji la Mr. Olympia, la watunisha misuli, mara 8 mfululizo, kuanzia 1998 hadi 2005. Amefanyiwa upasuaji zaidi ya mara 10, na leo hutembea kwa magongo au huketi kwenye kiti cha magurudumu. Akiulizwa, husema hajutii. Namwamini, na hapo ndipo wasiwasi wangu unapoanzia: swali la lini aache haliwezi kuachiwa mwenye nguvu peke yake. Jón Páll Sigmarsson wa Iceland, bingwa wa dunia mara 4 wa mashindano ya watu wenye nguvu, hakupata hata nafasi ya kuulizwa. Alifia jimu Januari 1993, chuma kikiwa mikononi, na umri wake ulikuwa miaka 32.

Hakuna umri mmoja unaowafaa wote. Misuli inaweza kudumu na nguvu hadi baada ya miaka 30, lakini kano na viungo huanza mapema kuchelewa kupona. Na moyo haujui sifa: mwili wa kilo 180, hata ukiwa wa misuli, bado ni kilo 180 za kusukumiwa damu. Presha hupanda, pumzi hukatika usingizini.

Eddie Hall wa Uingereza aliliona hilo. Julai 2016, mjini Leeds, alinyanyua kilo 500 kutoka sakafuni hadi akasimama wima, damu ikamtoka puani na fahamu zikampotea. Mwaka uliofuata alitwaa ubingwa wa dunia nchini Botswana, kisha akaaga mashindano hayo akiwa na miaka 29. Ni uamuzi mzuri, ila tusisahau kwamba fundi huyu wa zamani wa malori alikuwa ameshapata jina, na jina lilimpa riziki nyingine, runinga zikiwemo.

Wengi hawana riziki hiyo. Zawadi ya bingwa wa dunia wa watu wenye nguvu haifikii mshahara wa mwezi wa nyota wa soka wa Uingereza, na bado mwanamichezo huyo hula kwa siku chakula cha watu wanne, humlipa mkandaji, hugharamia matibabu. Mara nyingi anayeonekana hataki kuacha anaogopa njaa tu. Ndiyo maana naomba msome Hesabu 8 pamoja na sura ya 18, ambamo Walawi wanapewa zaka. Walioamriwa kupumzika walikuwa wameshapangiwa chakula. Wala hawakufukuzwa hemani. Waliendelea kulinda pamoja na ndugu zao, mzigo wakiachiwa vijana.

Sasa Daudi. Vitani na Wafilisti akaishiwa nguvu, na jitu lenye mkuki likakusudia kumuua. Abishai akamwokoa. Watu wake wangeweza kumpamba kwa maneno kama tunavyowapamba mabingwa wetu, lakini walimwapia kwamba hatatoka nao tena kwenda vitani. Mfalme aliambiwa basi, tena na watu waliompenda. Wakufunzi na wadhamini wangapi wa leo wanaweza kusema hivyo, wakati mapato yao yanategemea mgongo uleule?

Kwetu hakuna bingwa wa dunia, lakini wapo hamali wa sokoni wanaobeba magunia ya kilo 100 na hawana mafao yoyote. Jumapili hii baada ya ibada ya pili wazee wa kanisa watakaa nao, pamoja na vijana wa jimu, kuzungumzia akiba na kujiandikisha NSSF, ambayo hupokea pia waliojiajiri. Njooni na vitambulisho. Wake zenu waje pia, maana wao ndio wanaosikia usiku mnavyogugumia mkijigeuza kitandani.