Nani Atamketisha Mezani?
(2 Samweli 9)

Yonathani alikufa vitani, akamwacha Mefiboshethi, mtoto wa miaka 5, ambaye siku zile alianguka akawa kiwete. Alipokuwa mtu mzima, Daudi alikumbuka agano lake na Yonathani: akamrudishia shamba la babu yake, akamketisha mezani pake daima.

Mitaani mwetu wamo wazazi ambao mwana wao amekua mwili, bali akili imebaki ya mtoto. Ana ndevu, naye angali akivikwa nguo na mama yake mzee. Usiku mama hujiuliza: “Nikifa, nani atamvika? Nani atalinda shamba lake?”

Basi, wazee wa kanisa, msingoje matanga. Fanyeni agano na mama huyo angali hai, mkimtaja kwa jina atakayemtunza mwanawe. Amina.