Mto Kuja Nao Upige Makofi?

Zaburi ya 98 inaiambia bahari ivume na mito ipige makofi. Kutoka kwayo Isaac Watts alitunga, mwaka 1719, wimbo ambao leo tunauimba kila Krismasi.

Lakini ndugu wa Nyatike atauliza: Mto Kuja ukifurika ukabeba mahindi yangu, niushangilie? Kumwambia "furahi tu, mpendwa" si imani, ni kumfunga mdomo.

Soma mwisho wa zaburi. Sababu ya furaha si mavuno, wala chapati na soda mezani. Ni kwamba Bwana anakuja kuhukumu, tena kwa haki. Kwa aliyeonewa, hiyo ni habari njema kweli. Anaweza kuimba huku analia, na si unafiki.

Basi swali linaturudia sisi ambao maji hayakutufikia. Wewe muuza omena wa Homa Bay, gorogoro yako ni sawa? Kibarua wako umemlipa? Ukimshangilia Hakimu huku umeshikilia jasho la mtu, unashangilia kesi yako mwenyewe.

Lipa deni. Mpelekee jirani wa Nyatike unga, kisha mwimbe pamoja. Amina.