Mbwa wa Msasi Mkali

Ndugu mmoja alimaye kandokando ya msitu ametuuliza swali ambalo twaona lafaa kujibiwa mbele ya wasomaji wote. Nguruwe mwitu huingia shambani mwake usiku, na kukicha hukuta mahindi yamelazwa chini na mihogo imefukuliwa. Anao mbwa wawili wachanga, naye ataka kuwazoeza kuwakabili nguruwe hao. Jirani yake amemshauri amtie uani nguruwe mdogo aliyenaswa, kisha awafungulie mbwa wajifunze. Ndugu yetu auliza: Je, jambo hili ni halali mbele ya Mungu, au ni ukatili?

Labda wako watakaocheka, wakisema kwamba habari za mbwa na nguruwe hazilihusu gazeti la Kanisa. Sisi hatucheki. Mtu aulizaye kabla ya kutenda aonyesha ya kuwa dhamiri yake i hai.

Kwanza tuseme lililo wazi. Mwenyezi Mungu amewaweka wanyama chini ya mamlaka ya binadamu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, yafundisha kwamba ni halali kuwatumia kwa chakula na mavazi, na kuwafuga ili wamsaidie mtu katika kazi zake. Mkulima alindaye chakula cha watoto wake hatendi dhambi, mradi afuate sheria za wanyamapori na kupata kibali pale kinapotakiwa. Lakini Katekisimu hiyo hiyo yaongeza kwamba kuwatesa wanyama au kuwaua pasipo haja ni kinyume cha heshima ya mtu mwenyewe. Basi ruhusa ipo, na mpaka upo. Kazi yetu ni kuutafuta mpaka huo.

Twaweza kusaidiwa na watu ambao kwao kazi hii imekuwa ufundi wa vizazi vingi, nao ni wawindaji wa majimbo ya kusini ya Marekani. Nguruwe hawakuwako huko zamani. Wahispania waliwaleta katika karne ya 16, wengine wakatoroka na kuzaana porini, na uharibifu wao umekuwa mkubwa hata serikali ya nchi hiyo ikaanzisha mpango wa taifa wa kupambana nao mwaka 2014. Wawindaji wa huko hutofautisha mbwa wa kubweka na mbwa wa kushika. Mbwa wa kubweka humtafuta nguruwe, na akimpata humkabili uso kwa uso na kumbwekea bila kukoma, wala hamgusi. Nguruwe akimrukia, mbwa hurudi nyuma. Akitaka kukimbia, humkinga njia, mpaka bwana wake afike.

Mbwa mchanga hufundishwa kazi hiyo katika ua mpana wenye nguruwe mdogo, ambaye chonge zake hazijawa za kudhuru, na mara nyingi huingizwa pamoja na mbwa mzee aliyekwisha kuzoea. Akibweka husifiwa. Mafunzo huwa mafupi, kisha hutolewa. Akiharakishwa kupelekwa mbele ya dume mwenye chonge ndefu, aweza kupasuliwa tumbo, au kuingiwa na woga usiomtoka tena. Tena wajuzi wasema ya kuwa mbwa aumaye ovyo huharibu kazi, maana nguruwe akiumizwa huvunja kizuizi akatoroka. Kujizuia kwa mbwa, basi, ni sehemu ya ushujaa wake.

Lakini huko huko wametokea watu waliougeuza ufundi huo kuwa tamasha. Humkata nguruwe chonge zake asiweze kujitetea, humfungia uani, kisha humfungulia mbwa wa kushika, na watazamaji hushangilia anavyoraruliwa. Jimbo la Louisiana, ambalo mwaka 1979 lilimtangaza mbwa aina ya Catahoula kuwa mbwa wa jimbo, lilipiga marufuku mapigano ya nguruwe na mbwa mwaka 2004, huku likiyaacha mashindano ya kubweka yanayojulikana ya mji wa Winnfield. Ua ni ule ule, na wanyama ni wale wale. Kinachotofautiana ni nia ya mwenye mbwa, na yale anayoruhusu yatendeke.

Kanisa nalo limewahi kukemea furaha ya namna hiyo. Mwaka 1567 Papa Pio wa Tano aliyakataza maonyesho ya kupigana na mafahali, ingawa Papa aliyemfuata aliilegeza amri hiyo kwa walei wa Hispania. Na Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba mtu azoeaye ukatili kwa wanyama huuhamishia upesi kwa wanadamu.

Msomaji makini atasema: Hata asipoumwa, nguruwe yule huogopa, je, hofu si mateso? Hatuwezi kukana. Hofu ni mateso, hata kwa kiumbe kisicho na akili kama zetu. Kwa hiyo ipimwe kwa haja. Dakika chache za kumfundisha mbwa atakayelinda chakula cha nyumba, hizo zina sababu. Saa nzima ya kuwachekesha vijana waliopanda juu ya ua haina sababu yoyote.

Na hao vijana ndio watutiao wasiwasi kuliko mbwa. Wazee wetu walisema, mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Mbwa hujifunza kwa bwana wake, na mtoto hujifunza kwa baba yake. Siku ile uani, anayefundishwa si mbwa peke yake. Mtoto akimwona baba akimrudisha mbwa kwa sauti moja, ajifunza kwamba nguvu ina bwana wake. Akimwona baba akicheka damu inapotoka, ajifunza jambo jingine, na baadaye litamtoka mtoto huyo juu ya mkewe au juu ya mdogo wake.

Basi twamjibu ndugu yetu hivi. Wafundishe mbwa wako kubweka, usiwafundishe kurarua. Walishe na kuwachanja, maana mbwa mwenye njaa si shujaa, ni mnyonge aliyekata tamaa. Nguruwe wa mafunzo apate nafasi, maji na pumziko. Na ikilazimu auawe, auawe upesi. Usiwaite watu kutazama. Na mwanao akiwapo, asimame karibu nawe, ayasikie maneno yako kwa mbwa, hasa lile la kumwita arudi.